Zimekatika au zimenyonyoka? Swali la kuuliza kabla ya kununua kofia ya leza

Wifi yangu wa Tabata alinitumia picha saa nne usiku. Ilikuwa kofia nyeupe, kama helmeti ya bodaboda, ila ndani imejaa vitaa vyekundu mpaka inatisha. Chini yake muuzaji ameandika: "Leza ya Marekani, imethibitishwa na FDA, nywele zinarudi miezi mitatu, mzigo upo Kariakoo, laki tisa, maongezi yapo." Wifi akaongeza swali lake moja tu: "Hii kitu ni kweli au tunapigwa?"

Nilimjibu siku tatu baadaye, maana jibu lenyewe halikuenea kwenye ujumbe wa simu.

Nilianza na lile ambalo wengi hudhani ni uongo mtupu. Mwanga mwekundu wa leza unaweza kweli kuotesha nywele, na jambo hilo liligunduliwa kwa bahati. Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwezi Mei 1960. Miaka michache baadaye daktari wa upasuaji wa Budapest, Endre Mester, alisikia kwamba mwenzake wa Boston amefanikiwa kuangamiza uvimbe wa saratani kwa leza, akataka kurudia jaribio hilo kwa panya. Akawanyoa mgongoni, akawaelekezea mwanga. Kumbe kifaa chake kilikuwa na nguvu ndogo sana kuliko kile cha Boston. Uvimbe haukushtuka, lakini pale palipomulikwa manyoya yaliota upesi kuliko kwa panya ambao hawakumulikwa. Hiyo ilikuwa 1967. Mester mwenyewe hakukimbilia kuuza dawa ya kipara. Aliendelea kuchunguza kama mwanga huohuo unaponya vidonda.

Unafanyaje kazi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya seli zetu mna mitokondria, ambazo ni kama majiko ya seli, na kwenye majiko hayo kuna kimeng'enya kinachonyonya mwanga mwekundu. Kikishanyonya, jiko linakoleza moto, seli inapata nguvu zaidi, na mzizi wa nywele uliokuwa umepumzika unaamka mapema. Wanasayansi bado wanabishana juu ya baadhi ya hatua hizo. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kipimo kina mpaka: mwanga ukiwa kidogo mno haufanyi kitu, na ukizidi sana unaweza hata kurudisha nyuma ukuaji. Kwa hiyo anayekaa na kofia saa nzima akidhani anajiongezea baraka, anajisumbua bure.

Ili kuelewa kifaa hiki kinamfaa nani, inabidi kwanza tujue nywele inavyoishi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kila moja ina kalenda yake. Inakua kwa miaka miwili hadi sita, inafunga kazi kwa wiki mbili au tatu, inapumzika kwa miezi miwili au mitatu, kisha inadondoka na mzizi unaanza upya. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kabisa. Aliyefumua misuko ya wiki sita akaona furushi zima mkononi asipige yowe, maana hizo ni za siku arobaini zilizokuwa zimekwama humo.

Kwenye upara wa kurithi kalenda hiyo inafupishwa. Homoni moja inayotokana na testosteroni inausinyaza mzizi, na kila duru mpya nywele inatoka fupi na nyembamba kuliko ile ya jana, mpaka inabaki malaika tu, vile vinywele laini vya shavuni kwa mtoto. Mzizi wenyewe bado upo hai, ila umesinyaa. Hapo ndipo leza ina la kufanya.

Na hapo ndipo ilipojaribiwa. Jaribio ambalo wauzaji wakubwa hulitaja zaidi lilichapishwa mwaka 2014: wanaume 128 na wanawake 141 wenye upara wa kurithi, wiki 26, mara tatu kwa wiki, baadhi wakipewa chanuo la leza na wengine chanuo linalofanana nalo lakini lenye taa isiyo na tiba yoyote. Wanawake waliotumia chanuo la kweli waliongeza wastani wa nywele kama 20 kwa kila sentimita ya mraba; wenzao wa chanuo la bandia waliongeza kama 3. Kwa wanaume pia pengo lilionekana.

Sasa tuziweke nywele hizo 20 mahali pake. Kwenye kichwa chenye nywele za kutosha, sentimita moja ya mraba hubeba nywele mia moja na ushee, pengine hadi mia mbili. Nyongeza ya 20 ni ya kweli na mashine ya kuhesabia inaiona. Mama mkwe ataiona? Sina hakika. Jaribio hilo pia lililipiwa na kampuni inayotengeneza chanuo lenyewe, na hali ni hiyohiyo kwa utafiti mwingi wa vifaa hivi. Sisemi walidanganya. Nasema anayeuza kisamvu akikuambia kisamvu chake kitamu, onja kwanza.

Nije kwenye neno la FDA, maana ndilo lililomshika wifi yangu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina zaidi ya mlango mmoja wa kupitisha kifaa tiba. Mlango mgumu unadai mtengenezaji athibitishe kwa utafiti mzito kwamba kifaa ni salama na kinafanya kazi. Mlango mwingine unamtaka aonyeshe kuwa kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali. Chanuo la leza la HairMax lilipita mlango huu wa pili, mwaka 2007 kwa wanaume na 2011 kwa wanawake, na kofia nyingi zilizofuata zimepita hapohapo. Ni ruhusa ya kuuza, si cheti cha kwamba nywele zitarudi. Tena ruhusa inatolewa kwa kifaa kimoja kimoja, si kwa kila kofia yenye taa nyekundu iliyoshushwa bandarini. Mtu akikuandikia "imethibitishwa na FDA" bila kutaja jina la kifaa, amekuonyesha leseni ya udereva ya jirani yake.

Ruhusa hiyo ina sharti moja ambalo sijawahi kuliona kwenye tangazo lolote la hapa mjini, nami naona ndilo la kwanza ambalo mtu wa Dar angepaswa kuambiwa.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alianzisha kipimo cha kugawa ngozi za watu kwa jinsi zinavyoitikia jua. Kipimo hicho leo kina namba 1 hadi 6. Namba 1 ni ngozi nyeupe sana ambayo kila ikitoka juani inaungua. Namba 6 ni ngozi nyeusi tii. Ruhusa ya chanuo la leza, soma mstari wa chini, ni kwa watu wenye ngozi namba 1 hadi 4. Panda daladala yoyote kutoka Gongo la Mboto, tazama abiria wenzako: karibu wote ni 5 na 6.

Hii haina maana kwamba leza inawadhuru weusi. Nguvu yake ni ndogo, inakaribiana na ile ya kitaa cha kuelekezea ubaoni. Ila rangi ya ngozi yetu, melanini, kazi yake ni kumeza mwanga. Ngozi ikiwa nyeusi zaidi, mwanga mwingi unaishia juu kabla ya kuufikia mzizi ulio milimita kadhaa chini, na ule uliomezwa unageuka joto. Kwa hiyo zile nywele 20 za wanawake wa kule huwezi kuzihamishia kichwani kwa mwanamke wa Temeke kama unavyohamisha salio la simu. Pengine ni 20 hizohizo, pengine ni 8. Namba ya kwenye tangazo haikupimwa kwenye ngozi yake.

Halafu kuna nywele zenyewe. Nazo ni nyeusi, nazo zinameza mwanga. Chanuo lilitengenezewa meno ili yapasue njia kati ya nywele, mwanga uguse ngozi. Kofia haina meno. Mwenye twende kilioni atamulikwa kwenye njia za misuko tu. Mwenye wivingi anaimulika nywele ya dukani.

(Kabla sijasahau: kliniki za urembo huku Masaki na Mikocheni zina leza pia, lakini nyingi ni za kuondoa nywele. Leza hiyo ina nguvu kubwa na kazi yake ni kuuchoma mzizi ufe. Neno ni moja, kazi ni kinyume. Ukienda kuulizia, fafanua.)

Yote hayo ni kuhusu kifaa. Jambo zito zaidi ni aina ya tatizo, na hapa lugha yetu ina akili kuliko tangazo la muuzaji, ila sisi wenyewe tunaitumia ovyo. Saluni za Sinza kila mtu husema "nywele zangu zinakatika". Kukatika ni jambo moja na kunyonyoka ni lingine. Nywele iliyokatika imevunjika njiani, kama kamba iliyolika. Mzizi wake uko salama, unaendelea kusukuma. Nywele iliyonyonyoka imetoka nzima, na ukiitazama vizuri mwishoni ina kijipira cheupe. Chukua kumi kwenye kitana chako, ziweke juu ya kitambaa cheusi au cheupe, kinachokupa kuona vizuri, utazame ncha zote mbili. Zikiwa hazina kijipira, zinakatika.

Kinachokata nywele hapa kwetu kinajulikana: dawa ya kulainisha iliyowekwa juu ya dawa ya mwezi uliopita, pasi ya moto, draya kila Jumamosi, kuchana kavukavu. Leza haihusiki hata kidogo. Ni kama kumwagilia mti maji kwenye mizizi wakati mbuzi wanakula majani.

Kunyonyoka nako kuna milango yake. Mwanamke aliyejifungua huanza kudondosha nywele nyingi miezi miwili hadi minne baadaye. Akiwa mjamzito, homoni zilizishikilia nywele zisidondoke, sasa zinatoka kwa pamoja. Mtu aliyelazwa na malaria kali au taifodi, aliyefanyiwa upasuaji, aliyefiwa, aliyejinyima kula ili apungue, naye miezi miwili mitatu mbele anaweza kuona sinki la bafu limejaa nywele, akashindwa kabisa kuunganisha na homa ya Machi. Aina hii nyingi hurudi zenyewe, mara nyingi ndani ya miezi sita, kwa mzazi hadi mwaka. Sasa fikiria mama huyo ananunua kofia mwezi wa nne. Mwezi wa tisa nywele zimejaa. Atatoa ushuhuda kwa machozi, na hatakuwa amesema uongo. Ninaamini shuhuda nyingi za "kabla na baada" zimezaliwa hivyo, kofia ikisifiwa kwa kazi ya mwili. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingoni yanaingia hapahapa, ila hayo hayaishi kwa kusubiri. Yanataka kipimo cha damu.

Mlango wa tatu ndio unaoniumiza, maana ni wetu hasa. Nywele za mbele na pembeni kwenye masikio zinazorudi nyuma kwa sababu ya kuvutwa: rasta nzito, misuko inayobana mpaka nyusi zinapanda, wigi la gundi. Si ugonjwa wa Afrika peke yake. Mwaka 1907 ulielezwa kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza. Mwanzoni unarudi nyuma ukiacha kuvuta. Vipele vidogo baada ya kusukwa ni dalili, na maumivu yanayokulazimu kulala kifudifudi usiku wa kwanza ni dalili kubwa zaidi, ingawa sisi tuliambiwa ndio uzuri wa msuko mpya. Ukivuta miaka kumi, kumi na tano, mzizi unachoka, unakufa, pahala pake panakuwa kovu. Na kuna upara mwingine wa makovu unaoanzia utosini na kupanuka polepole kama duara, unaowapata zaidi wanawake weusi. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wenye tatizo hilo wana hitilafu kwenye jeni moja inayohusika na umbo la nywele. Kwa hiyo si kila lawama ni ya msusi. Huu wa utosini mara nyingine unawasha au unauma ukiguswa, mara nyingine unakuja kimya, wigi juu, mwaka unapita.

Kwenye kovu hakuna mzizi wa kuamsha. Unaweza kuwasha taa za Uwanja wa Mkapa zote. Na hasara kubwa hapo ni muda kuliko hata laki tisa: miezi sita ya kusubiri kofia ifanye kazi ni miezi sita ya kovu kupanuka, wakati kuna tiba za kuzuia uvimbe ambazo zingelisimamisha mapema.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba ana mapunye, ni fangasi, anahitaji dawa ya kumeza. Sitaki kusikia kofia.

Basi tuseme umeshajua ni upara wa kurithi, mzizi uko hai, na bado unaitamani kofia. Fanya hesabu. Mara tatu kwa wiki kwa wiki 26 ni mara 78 kabla ya kuweza kusema imefaa au haikufaa; anayekuahidi miezi mitatu ana haraka ya pesa. Ikifaa, ukiacha, faida inaondoka polepole, kwa hiyo ni ndoa. Kwenye boksi tafuta urefu wa wimbi (vifaa vingi vilivyojaribiwa viko karibu na nanomita 655), nguvu ya kila taa na dakika za kutumia. Boksi lisiloandika lolote kati ya hayo limebeba taa za Krismasi. Uliza pia kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu inayosimamia dawa na vifaa tiba. Na kama unameza dawa yoyote inayofanya ngozi iogope mwanga, zungumza na daktari kwanza.

Pima pia hiyo pesa dhidi ya njia nyingine. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele pasipotarajiwa, na mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani. Ipo kwenye maduka ya dawa hapa Dar, na vijana wanaipaka kidevuni kutafuta ndevu. Ina ushahidi mrefu kuliko leza, japo nayo haikubali kuachwa, na wiki za mwanzo inaweza kudondosha nywele kidogo kabla ya kuotesha. Finasteridi, ya kumeza, iliruhusiwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Kwa baadhi yao inaleta shida ya nguvu za kiume, na mjamzito haruhusiwi kuigusa ikiwa imevunjika. Leza ikiongezwa juu ya minoksidili, kuna majaribio yanayoonyesha nafuu zaidi kuliko kila moja peke yake. Huko ndiko ningeiweka kama ningelazimishwa: nyongeza kwa mwenye pesa ya ziada na subira, si tegemeo. Wanaume nao wana mpinzani wa leza ambaye hajawahi kushindwa kwenye jaribio lolote, wembe wa kinyozi. Mjomba wangu ananyoa para tangu ana miaka thelathini na hakuna anayejua kama ana upara au ana mtindo.

Nilimwambia wifi aende akaonwe kwanza. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, na wataalamu wengi wa ngozi waliosambaa kwenye hospitali nyingine nchini wamepita kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Alisitasita kwa sababu ya kuvua wigi mbele ya mtu. Akaenda. Daktari alishika kishungi kidogo cha nywele akavuta taratibu kuona ngapi zinatoka, akatazama kwa lenzi kama vitundu vya nywele bado vipo, akamuuliza anasukwaje na tangu lini, akamwandikia vipimo vya damu. Jibu lilikuwa mchanganyiko: pembeni zimevutwa lakini vitundu vingi bado viko wazi, damu ina upungufu wa chuma. Akapewa vidonge vya chuma na dawa ya kupaka, na agizo ambalo lilimtia huzuni kuliko yote, kwamba rasta azipumzishe.

Muuzaji hakukata tamaa. Bei ikashuka mpaka laki saba, kisha sita na nusu. Wifi akaamua kumuuliza lile nililomwambia: hiyo kofia ilijaribiwa kwa ngozi ya rangi gani?

Jibu likaja palepale: "Rangi zote zipo dada, nyeupe, nyeusi na pinki. Nikuwekee ipi?"